Leseni ya Boma Zima

Wahome alikuwa amesimama katika duka moja la kompyuta mjini Kitengela, akijifanya anachagua waya wa chaja, aliposikia riziki yake ikizungumza. Riziki hiyo ilikuwa mzee mmoja mrefu, aliyevaa koti la suti juu ya shuka nyekundu.

"Unasema kila kompyuta ilipiwe programu yake?" mzee aliuliza.

"Kila moja, kila mwaka," msichana wa duka alimjibu. "Ndio watoto waandike insha, wapige hesabu, watengeneze slaidi. Ama uchukue ile ya familia. Uko na watoto wangapi?"

"Watoto hawahesabiwi, kwetu ni mwiko," mzee alisema kwa ukali kidogo. "Kompyuta ndizo tano."

Msichana alipiga hesabu kwenye simu, akamwonyesha. Mzee aliguna. "Kwa hivyo nanunua kalamu, halafu kila mwaka nanunua ruhusa ya kuandika." Akatoka nje.

Wahome aliuacha waya. Na hapa ni haki msomaji aambiwe kwamba Wahome hakuwa mwizi. Mwizi huchukua bila kuomba. Wahome aliomba, tena kwa heshima, na watu walimpa wenyewe. Isitoshe, safari hii alikuwa na sababu njema. Mzee Mbugua, babake Shiro, alikuwa ameapa kwamba hataki kusikia neno harusi mpaka aone mtamba amefungwa uani kwake. Mtamba wa kweli, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, si picha ya simu. Wahome alimpenda Shiro kwa dhati, na hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwahi kulitia chumvi.

"Supa, mzee," alimwamkia kwa Kimaasai nje ya duka.

"Ipa."

"Hawa watakumaliza. Mimi niko na leseni ya boma. Unalipa mara moja tu, inaingia kompyuta zote, mpaka za wajukuu."

Leseni ya boma ilikuwa na umri wa sekunde nne. Programu yenyewe hutolewa bure mtandaoni kwa yeyote mwenye bando na subira, nayo ilikuwa imetulia ndani ya flashi mfukoni mwa Wahome.

"Na ikisumbua?"

"Unanipigia, nakuja mwenyewe."

"Nyumbani ni Oltepesi. Mafundi hukataa kuja."

"Mzee, mimi si fundi. Mimi ni mtoto wako."

Mzee, ambaye jina lake lilikuwa Tajeu, alishusha sauti. "Pesa sina. Niko na ng'ombe."

Wahome alikohoa ili asipige vigelegele.

Jumamosi alifika Oltepesi na tai shingoni, mkononi cheti chenye ukingo wa dhahabu alichokichapisha mwenyewe. Alipanga kompyuta tano mezani, akavaa glavu nyeupe, akaandika nambari ndefu zisizo na kazi yoyote duniani. Seleyian, bintiye Tajeu aliyekuwa chuo kikuu, alimletea chai, akasimama kumtazama.

"Itafungua kazi niliyoandika kwa ile ya kulipia?"

"Itafungua hata ya lecturer wako."

"Kweli wewe ni mtaalamu," alisema, akageuka upesi na kufunika mdomo. Wahome alidhani anaona haya.

Kazi ilipokwisha, Tajeu alimleta mtamba mwekundu mwenye baka jeupe, pamoja na wazee wawili wa kushuhudia.

"Mimi sikuuzii, nakupa," alisema. "Na kwetu mtu akikupa ng'ombe, majina yanaisha. Mimi nitakuita Pakiteng, na wewe utaniita Pakiteng. Na Pakiteng hamkatalii Pakiteng kitu. Umekubali?"

Kwa mtamba yule, Wahome angekubali kuitwa hata Nebukadneza. "Nimekubali, Pakiteng!"

Wazee walimtemea mate ya baraka, naye akayapokea kwa uso mkunjufu.

Alasiri hiyo pikapu ilimshusha mtamba langoni kwa Mzee Mbugua. Shiro alitoka mbio kushuhudia muujiza. Mbugua, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akinunua fahali Kajiado nzima, alinyoosha mkono kuishika kamba.

"Umemnunua kwa nani?"

"Sikumnunua. Nimepewa na Pakiteng wangu," Wahome alijibu kwa maringo.

Mkono wa Mbugua ulirudi mfukoni. "Na umemuuliza kama unaweza kumpeana?"

"Si ni wangu?"

"Ni wako wa kukaa naye! Nikimfunga hapa bila ruhusa ya aliyekupa, ni nani ataniuzia fahali tena? Mpigie simu."

Wahome alipiga, simu ikiwa kwenye spika, akaeleza habari ya Shiro kwa sauti ya asali.

"Harusi! Vizuri sana," Tajeu alisema. "Siwezi kukukatalia, Pakiteng. Na wewe hutanikatalia. Kesho ndugu yangu anakungoja Ewuaso Kedong, yuko na kompyuta saba. Halafu shemeji yangu. Watoto wetu wote wakishawekewa, umpeane."

"Lakini Pakiteng, hao wengine leseni yao inalipiwa..."

"Ni ya bure," sauti ya Seleyian iliingia. "Nilikuwa nayo kwa laptop yangu. Niliitoa Ijumaa ndio upate kazi."

"Aliniambia siku ile ile nilitoka Kitengela," Tajeu aliongeza. "Programu ni ya bure, Pakiteng. Mtu wa kuileta mpaka huku ndiye hatukuwa naye."

Shiro alicheka mpaka akakaa chini. Mbugua alishika lango asianguke kwa kicheko. Wahome aliona aibu ya kweli, aibu ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni, huku mtamba akimaliza maua ya Mzee Mbugua taratibu, moja baada ya jingine. Alimtazama Shiro pale chini, machozi ya kicheko yakimtoka, akajua ataenda tu.

"Sawa, Pakiteng," alisema, akatoa kalamu na kipande cha karatasi. "Nitaenda. Niambie tu, watoto wote ni wangapi?"

"Aii, Pakiteng," Tajeu alisema kwa upole. "Watoto hawahesabiwi."