Joséphine na Pori la Ziwani

Jumatatu, 4 Julai 1983
Vumbi Bunia nzima. Nimetengeneza radio za watu kutwa. Sauti nyingi mezani, hakuna hata moja iliyoniita Anaclet.

Jioni Joséphine, anayeuza maharagwe karibu yangu hapa sokoni Shari, alisema hajawahi kuona lile pori dogo la ziwani, chini kule Kasenyi, ambako Leta, yaani serikali, inakataza kukata miti. Nikamwambia nalijua kama chumba changu. Uongo! Hata ziwa sijaliona. Nikaongeza kwamba mulinzi wake ni mujomba wangu. Uongo mukubwa zaidi! Akakubali twende Jumamosi. Yeye na mimi!

Jumatano, 6 Julai
Balaa. Joséphine ameiambia korali yake yote. Evariste naye anakuja, yule mwalimu wao wa nyimbo, mwenye sauti nzito na viatu vyeupe. Nilimwonya kwa upole kwamba kule nyoka ni wengi. Akasema anapenda nyoka.

Mpango mpya: wengine wapite mbele, mimi nimuonyeshe Joséphine njia ya pembeni.

Jumapili, 10 Julai. Kasenyi
Bado niko huku! Jana tulishuka na kamyo ya samaki. Joséphine alikaa mbele na Evariste, mimi nyuma juu ya magunia ya chumvi. Joto! Mulinzi, muzee Vahwere, alitupokea. Nikamkumbatia haraka: mujomba! Akauliza mimi ni nani. Korali ikacheka kwa sauti zote nne.

Pori ni zuri, nakubali. Miti imeinama juu ya maji, mbega wanaruka, vipepeo wamejaa kwenye matope. Nikamnong'oneza Joséphine anifuate, nikaingia njia ya pembeni. Nyayo nyuma yangu! Sikugeuka, kwa aibu. Nikaipa miti majina ya kubuni. Halafu nikasema ya moyoni: tangu dada yangu Agathe aolewe kule Fataki, nakula peke yangu, na nafungua radio zote ili nyumba iwe na watu. Nikageuka.

Nyani. Mukubwa. Anaangalia mukate wangu.

Nilikimbia, nikapotea. Nikasikia korali ikiimba mbali, halafu kamyo ikinguruma, halafu maji tu. Nikasema watarudi kunitafuta. Hawakurudi.

Muzee Vahwere alinikuta nimekaa kwenye mizizi. Hakucheka. Alinipeleka kwake, akanipa bugali na samaki.

“Batu wanakuyaka, wanaangalia, wanaenda,” akasema. “Muke wangu alikufa. Miye niko hapa na nyani. Rudia Jumapili ingine, mutoto wangu. Nitapika, tutakula pamoja.”

Nikakohoa, nikafuta macho. Labda ni mwiba wa samaki.

Jumanne, 12 Julai
Nimerudi Bunia. Nilipita mbele ya Joséphine nikichechemea, ili aulize. Hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe kwamba tulipoteana kule porini. Akaacha kupima maharagwe.

“Aa, Anaclet! Kumbe na weye ulikuyaka?”

Nimelifikiri neno hilo mchana kutwa. Mwanamuke hawezi kumsahau mutu hivi bila kujitahidi. Ananificha moyo wake! Na nimesikia akimwambia Viviane muuza nyanya kwamba anatamani kuona Mahagi. Kesho nitamwambia nina nyumba kule, na ng'ombe. Tutaenda Jumapili.

Ni kweli, Jumapili muzee Vahwere atakuwa amepika. Atakula peke yake. Amezoea.