Matanga ya Kamanda Teko

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Kamanda Teko amefariki! Nimeisoma kwenye simu nikiwa nachomelea waya za redio ya mteja, nikajiunguza kidole. Mwigizaji wake, yaani. Kafa mzee sana, huko kwao ng'ambo, usingizini. Dunia nzima wapenzi wa Watoro wa Zohali, ule mchezo wake wa televisheni, wanawasha mishumaa. Wengine wamevaa zile sare za rangi ya fedha. Kuna mama mmoja kapika keki yenye umbo la chombo chao cha angani, na madirisha yote yapo.

Likoni je? Kimya. Mama Winfred, jirani, kapita kibandani kuuliza kama feni yake imepona. Feni! Siku kama ya leo!

Nimefunga kibanda, nikaenda kwa Suleiman muuza kahawa. Tumekua pamoja, na ndiye pekee mtaani ambaye ukitaja Zohali hadhani ni dawa ya mbu. Nikampa habari. Akatikisa kichwa, akanimiminia kikombe bila kuulizwa. Nikadhani tutaomboleza kiungwana. Kumbe! Akasema masikini Mwarandu, na mpaka leo hujui iliishaje.

Hapo ndipo anaponichomaga. Sote tulikuwa watoto. Televisheni mtaani ilikuwa moja, kwa Mzee Mwinyihaji, na kila Alhamisi jioni alitufungulia mlango tukajaa mkekani. Kamanda Teko na wenzake wamepotea angani, wanatafuta njia ya kurudi kwao duniani. Basi ikafika sehemu ya mwisho. Dunia inaonekana dirishani! Upepo nao ukavuma, antena ikayumba. Bwana Antena nilikuwa mimi. Nikapanda juu ya bati, nikakumbatia ule mlingoti mpaka mwisho. Chini kimya. Halafu vilio. Nikashuka mbio kuuliza: alifika? Hakuna aliyenijibu. Mwanatatu, binti wa mzee, alinipita na macho mekundu akaingia jikoni.

Tangu hapo Suleiman hunipa mwisho mpya kila Idi. Mara Kamanda kafia mlangoni. Mara kaoa malkia wa barafu. Mara Kamanda mwenyewe ni roboti. Kwenye mtandao sehemu zote zipo isipokuwa hiyo. Wanasema kanda yake ilifutwa, na wanaodai waliiona hawakubaliani.

Mwanatatu hajui kusema uongo. Siku hizi yuko Shanzu, anashona sare za wafanyakazi wa hoteli. Ni mjane. Hatujaonana tangu azikwe babake. Namba yake ninayo. Kumpigia ndiyo siwezi. Naishia kuitazama tu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata! Nilikuwa napiga mswaki, nusura niimeze dawa.

Watu waliopoteana hukutana wapi? Matangani! Mwite mtu wa Shanzu chai, atakwambia ana kazi. Mtumie habari ya msiba, atavuka feri na mvua inanyesha. Na msiba upo kweli, sijabuni kitu.

Nimeandika kwenye grupu la simu la watoto wa zamani wa mtaani: kwa masikitiko makubwa, mpendwa wetu Kamanda Teko ametutoka, matanga Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa Mwarandu. Watacheka, watakumbuka, watakuja. Mwanatatu atakuja. Nitamkalisha pembeni nimuulize swali langu moja tu.

Nyumba ni ya dada Kafedha, kweli. Sijamwambia. Alikuwa anamenya viazi vya karai vya kuuza, na dada akiwa na kisu hashauriwi jambo.

Alhamisi, 6 Novemba

Mambo yamekwenda mbio kidogo.

Saa sita mchana limekuja turubai. Sikuagiza turubai! Vikafuata viti vya plastiki. Halafu Mama Winfred na kuni kichwani, leso imefungwa kiunoni, analia toka njiani. Nyuma yake akina mama wa kanisa la dada, na sufuria ambalo naweza kuogea humo. Ule ujumbe umetoka kwenye grupu letu ukaenda kwenye kila grupu la Likoni, na kila aliyeusoma kajiuliza jambo moja tu: nibebe nini?

Dada katoka uani, mikono ina unga. Akauliza nani kafa. Nikajibu mtu niliyempenda sana. Wallahi sikudanganya. Akanitazama, akakaa chini hapo hapo, akaangua kilio. Hata jina hakutaka! Ndivyo tulivyo sisi. Kwenye msiba unakuja kwanza, marehemu utamjua ukishakaa.

Hapo ndipo ningesema. Najua. Nikafungua mdomo kabisa. Lakini akaingia Suleiman na birika mbili za kahawa ya bure, akaniinamia sikioni. Akasema mimi nimerukwa na akili. Akasema pia kwamba Mwanatatu kampigia, anauliza alete mchele au sukari.

Nikafunga mdomo.

Ijumaa, 7 Novemba

Mungu nisamehe. Nianzie wapi?

Turubai limejaa. Picha ya Kamanda nimeitundika mbele, na sare yake ya fedha na kofia ya kioo. Bi Margret wa kwaya akauliza marehemu alikuwa zimamoto? Mwingine akasema hapana, ni mpiga mbizi wa bandarini. Wakauliza ananihusu vipi, mbona Mzungu. Nikasema alinilea. Hilo nililisema kwa moyo wangu wote, likanitoa machozi, na wao wakazidi kulia.

Mzee Kai, mzee wa mtaa, akauliza mwili uko wapi. Nikasema ng'ambo. Looo! Akasema mtoto wa Likoni hawezi kuzikwa ugenini na wao wapo. Kufumba na kufumbua kamati imeundwa ya kumrudisha Kamanda Teko nyumbani. Mwenyekiti Mzee Kai. Mimi katibu!

Halafu nikaitwa nisome wasifu. Nikasimama. Nikasema alizaliwa mbali, akapotea njia na wenzake, akaishi miaka akitafuta kwao. Watu wanaitikia kwa huzuni. Nikanogewa. Nikasema hakumwacha mtu nyuma, hata roboti.

Bi Margret akauliza roboti gani. Basi nikaeleza. Yote. Mzee Kai akavua miwani, akaipangusa, akaivaa, akanitazama upya. Mama Winfred akasema kalia mpaka kichwa kinamgonga, kwa mtu wa televisheni, na feni yake bado sijatengeneza! Dada Kafedha akachukua mwiko. Tumezunguka turubai, watu wakituvutia viti tupite. Hakuna aliyeondoka, lakini. Wali ulikuwa umeiva. Wamekula kwa hasira, na wengine wameongeza.

Na hapo ndipo Mwanatatu alipofika. Mimi nimejibanza nyuma ya pipa la maji! Buibui jeusi, miwani, sukari mkononi. Kawapa wazee shikamoo zao mmoja mmoja. Kisha akaiona picha. Akaweka mkono mdomoni, akacheka mpaka akaegemea nguzo. Halafu akawa hacheki tena, anafuta macho. Akasema, Kamanda wetu jamani. Mtu pekee aliyemlilia Kamanda mwenyewe. Nilitoka nyuma ya pipa.

Tukakaa pembeni. Nikamuuliza: alifika?

Akainamisha kichwa. Akasema hajui.

Hajui! Hakuna anayejua. Nilipoushika ule mlingoti tu, picha iliondoka. Nukta nyeupe na nyeusi, mvumo, basi, toka hapo hadi mwisho. Nilikuwa nimeuelekeza kusiko. Suleiman alitaka kutoka anipigie kelele, Mwanatatu akamzuia. Aliwaambia wote kwamba kule juu nimeng'ang'ana kwa ajili yao, na atakayeniambia hataukanyaga mkeka wao tena. Basi wakakaa kutazama zile nukta, wakisikia Kiingereza wasichokielewa, mpaka ukapigwa muziki wa kufunga. Wakalia kwa sababu imekwisha na hawataiona tena.

Nikamgeukia Suleiman. Yuko pale, anachungulia ndani ya birika kama kapoteza pete. Miaka yote hiyo ananitungia miisho, kumbe anatii amri ya mtoto wa kike!

Sikujua nikasirike au vipi. Mwanatatu akaniuliza, je, mimi mwenyewe namwona Kamanda aliishaje? Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia. Namwona anatua Shelly Beach, maji yamekupwa, anavua kofia, anavuta pumzi. Anapanda mpaka barabarani, anauliza njia kwa sauti ya chini maana kasahau lugha ya kwao. Anafika mlangoni. Ndani wanakula. Hakuna anayepiga kelele. Mtu anasogea tu mkekani, ampe nafasi.

Mwanatatu akasema basi ndivyo ilivyokwisha, na asije mtu mwingine akatuletea kanda.

Kabla ya Magharibi mwanawe akampigia simu, asichelewe feri. Nikamsindikiza. Nilitaka kusema mengi, nikasema sukari haikuwa lazima. Nikamwambia aje tena. Akasema inshallah. Ile inshallah ya mtu mwenye kazi nyingi. Nikabaki pale mpaka sikumjua tena kati ya mabuibui.

Jumamosi, 8 Novemba

Siku ya kuomba radhi. Mzee Kai kaamua kila aliyelia nimtengenezee kifaa kimoja bure. Na wamelia wengi! Kibanda kimejaa pasi na redio mpaka mimi nimekaa nje. Feni ya Mama Winfred imezunguka hatimaye, japo kinyumenyume.

Dada hasemi nami. Ananiwekea chakula, kisha anakiambia chakula kwamba kimepewa mjinga.

Suleiman kaniletea kahawa. Hakutaja ya jana, nami sikutaja. Akaniambia kama namtaka mtu, mtu huyo hupigiwa simu, akasalimiwa, akaambiwa. Ni maneno ya maana. Nimeyapokea. Kuanzia leo mambo yangu wazi, hakuna ujanja tena.

Nikaitafuta namba yake. Nikaitazama. Nikaizima simu, nikachukua pasi ya mtu.

Jumapili, 9 Novemba

Mwanatatu kaniandikia! Anasema hajacheka vile tangu afariki mumewe. Anasema nikiwa na jambo lolote nimjulishe.

Jambo lolote!

Nimekaa nikatafakari kosa langu, na nimeliona. Kosa lilikuwa matanga. Mtu wa matanga huja alasiri na Magharibi keshaondoka. Muda gani wa kuzungumza huo? Harusi ndiyo yenyewe. Harusini watu huja siku kadhaa kabla, wanalala, wanapika, wanaimba. Na fundi wa nguo ndiye wa kwanza kufika.

Nimetangaza kwenye grupu asubuhi hii, watu wakiwa kanisani: dada Kafedha anaolewa mwezi ujao, wote mnakaribishwa. Bwana harusi nitamtafuta wiki hii. Dada ana tabia nzuri ukiacha mwiko.

Mwanatatu kajibu kabla ya wote. Anakuja Jumatano kumchukua bibi harusi vipimo. Jumatano! Ni mbali mno. Nimeshanyoa ndevu.