Fungu la Barabara na Jiko Langu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Shule sikwenda. Herufi nilijifunzia kwenye magunia ya unga, kwa hiyo anayesoma haya asinisahihishe. Leo redioni kaletwa mchumi. Sauti laini, ya mtu asiyewahi kuwasha mkaa. Kasema serikali ikitumia pesa, nchi inakua. Mjukuu wangu Msomi, anayesomea hayo hayo chuoni, kaongeza kwamba inategemea pesa imeangukia wapi. Nikamwambia iangukie hapa. Binti mzima kama yeye analala sebuleni, ubavuni mwa kuku anayeatamia! Lazima nimjengee chumba.

Jumanne, tarehe 4
Wapima barabara wamepita. Wamechora X nyekundu kwenye ukuta wa jirani yangu, Bi Miwani. Maana yake utabomolewa, naye alipwe fidia. Kwangu hata hawakugeuza shingo. Jioni Bi Miwani kaja kuomba chumvi. Chumvi anayo. Alitaka tu nijue kwamba atajenga ghorofa. Nimempa chumvi. Kidogo.

Jumatano, tarehe 5
Nimenunua kopo la rangi. Alfajiri nimechora X kwenye ukuta wa jiko, hapo hapo ninapochemshia chai ya kuuza. Yangu imenyooka kuliko yao waliosomea. Msomi kashika kichwa. Kasema fidia hulipwa kwa orodha, si kwa rangi. Nikamwuliza hiyo orodha kaiona wapi. Hajaiona. Basi.

Ijumaa, tarehe 7
Tingatinga limefika! Dereva kijana mpole, nimempa chai ya bure. Kasema kaagizwa nyumba moja tu mtaa huu, yenye alama. Kaitazama X yangu, kajikuna kichwa.
"Bibi, una hakika ni hapa?"
"Wewe baba fuata alama. Serikali haichori ukutani kwa mzaha."
Jiko limekwenda chini lote, pamoja na sufuria kubwa niliyoisahau ndani. Nikapiga vigelegele. Dereva kahesabu nyumba moja, kaondoka zake. Bi Miwani kachungulia dirishani, uso umemshuka. Siku tamu kuliko harusi yangu ya pili.

Jumatatu, tarehe 10
Ofisi ya fidia. Feni tatu, meza nane, makarani wawili, mmoja amelala. Hapo nakubali, pesa imetumika. Aliye macho kapitisha kidole orodhani mara mbili. Simo. Kauliza nani alichora ile alama. Nikasema dunia ina mambo. Kavitazama vidole vyangu. Bado vyekundu. Hakupandisha sauti. Kanishauri niende nyumbani kabla mwenzake hajaamka.

Alhamisi, tarehe 13
Redio imesema fungu la barabara limeisha. Kazi imesimama. Ukuta wa Bi Miwani uko palepale, fidia yake haipo, na ghorofa lake nalo hewani. Ningecheka, ila vibarua wa barabara, wanaosubiri malipo kutwa nzima, wanakunywa chai kwake, aliyoanza kuuza mara jiko langu lilipoanguka. Mimi sina pa kuchemshia. Kapandisha bei mara mbili, mchana kweupe! Mchumi hakudanganya. Uchumi umekua, umekulia kwa Bi Miwani.
Msomi kaja na sufuria mpya, kainunua kwa nauli yake ya wiki. Kaja kwa miguu. Hakusema nilikwambia. Kapanga mafiga uani, kakoka moto, tukakaa. Nimemkanda miguu mpaka kasinzia. Sasa sebuleni analala yeye, kuku na vyombo vyangu vyote.

Jumamosi, tarehe 15
Wamekuja wengine, wa nguzo za umeme. Hawa wanachora duara la bluu. Palipochorwa, fidia. Msomi kaniona ninavyowatazama.
"Bibi, niahidi."
Nimemwahidi, mkono kifuani, kwamba rangi nyekundu sitaigusa tena.
Ukuta wa sebule ni laini, hauna hata ufa. Na duara ni jepesi kuliko X. Nitafuata mdomo wa sufuria aliyoniletea.