Jinsi Kinanda Alivyopata Gari

Kinanda alikuwa na kila kinachohitajika na tapeli mkubwa, isipokuwa gari. Suti alikuwa nayo, ya kijivu, moja, ila alijua kuivaa ikaonekana tatu. Mdomo alikuwa nao, na ndio uliompa jina, maana ukimbonyeza popote anatoa sauti tamu. Lakini kwa miaka kumi na moja alikuwa anakwenda kuwatapeli watu kwa miguu, na hakuna kitu kinachouvunjia uongo heshima kama vumbi la viatu. Unamwambia mtu una viwanda viwili, naye anatazama soli. Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa mbao alikuwa keshalegea, keshauliza atie sahihi wapi, kisha kwa adabu zake akamsindikiza mgeni hadi nje, akaangaza huku na huku, akauliza gari liko upande gani. Biashara ikafia palepale kizingitini.

Kwa hiyo asubuhi ile, alipokuwa amekaa kwenye benchi la Mama Povu, Kinanda alikuwa na ombi moja tu kwa ulimwengu: gari, kwa njia yoyote isiyohusu kazi.

Mama Povu aliosha magari. Alikuwa na sakafu ya saruji yenye mteremko, tangi moja, mipira miwili ya maji, na benchi refu chini ya mabati ambalo halikuwahi kukaliwa na mwenye gari. Waliokaa hapo ni fundi saa, kinyozi wa jirani, dalali wa vyumba, na yeyote aliyekuwa na habari ya mtu mwingine. Chai ilikuwa ya Mama Povu, maneno yalikuwa ya wote.

Siku hiyo mwalimu mkuu mmoja alikuwa ameleta gari lake, likaoshwa likameremeta. Alipotaka kuondoka Mama Povu akamwambia angoje. Akampa mfuko mwembamba wa nailoni, akamwambia auvae mkononi kama soksi na apapase boneti. Mwalimu mkuu akapapasa, na uso ukamshuka. Boneti iliyokuwa inang'aa ilikuwa inakwaruza kama ulimi wa paka. Mama Povu akamweleza kwamba hivyo ni vichembe vya chuma vya breki, utomvu wa miti na masizi ya barabarani. Vimeing'ata rangi, na sabuni haiving'oi. Akatoa kipande cha udongo maalumu, laini, wa kijivu, akaukanda viganjani ukawa bapa kama chapati ndogo. Akarashia boneti maji ya sabuni, akautelezesha. Mwanzoni ukasikika ukinong'ona, kisha ukanyamaza. Alipougeuza, tumbo lake lilikuwa la kahawia. Mwalimu mkuu akapapasa tena, safari hii bila haraka, kama mtu anayembembeleza mtoto, akalipa zaidi ya alichoambiwa na kushukuru juu yake.

Benchi likasifu kazi. Kinanda hakuiona kazi, kwa kuwa kazi ni kitu ambacho macho yake yalikuwa yamezoea kukiruka. Yeye aliuona ule uso. Mtu kaja na gari safi, na kwa nailoni ya bure kaambiwa gari lake ni gonjwa. Tena kaambiwa ukweli. Kinanda, aliyewahi kutumia wiki tatu kujenga uongo mmoja, alikaribia kulia kwa wivu.

Akajisogeza, akauliza maswali. Mama Povu akamjibu kama wanavyojibu watu wanaoijua kazi yao, yaani kwa urefu: udongo hautembei pakavu, lazima maji ya sabuni; ukidondoka chini unautupa hata uwe mpya, kwa sababu umeshabeba mchanga na utamchorea mtu gari; ukimaliza unapaka nta, maana rangi umeiacha uchi. Yote hayo yaliingia sikio la kulia la Kinanda na kutokea la kushoto. Kitu pekee kilichobaki ni kipande cha udongo, nacho kilibaki mfukoni mwa suti.

Mchana huohuo alikwenda duka la vifaa vya shule, akanunua udongo wa watoto wa kufinyangia, wa kijivu, vipande sitini. Kila kimoja akakivisha karatasi ya dhahabu ya kufungia zawadi. Akavipanga kwenye kreti, juu kabisa akaweka kile cha Mama Povu, naye akageuka wakala pekee wa udongo uliochimbwa kwenye mlima ambao hata yeye alikuwa hajaamua uko wapi.

Mlengwa hakuhitaji kutafutwa. Bwana Kilomita aliuza magari yaliyotumika, na jina alilipata kwa haki. Gari liliingia kwake limetembea kilomita laki tatu, likatoka limetembea elfu arobaini, kama ajuza aliyerudishiwa meno. Mtu wa namna hiyo ni mlaini kuliko mchungaji wa kanisa. Anajua hila moja, basi anadhani anazijua zote.

Uani kwake palikuwa na gari la kijani, la rangi ya jani lililotoka kunyeshewa. Kinanda alilipita bila kuligeukia, kama kijana anavyompita binti anayemtaka. Akasimama kwenye gari jekundu, akavaa nailoni, akapapasa, akaguna.

"Mzee, nani kakuuzia magari yenye ukurutu?"

Bwana Kilomita akasema magari yake hayajui ugonjwa. Kinanda hakubisha. Akavua nailoni, akampa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole. Mzee akapapasa. Akahamia gari la pili, la tatu, na kila alipopapasa shingo yake ilizidi kuingia mabegani. Ndipo Kinanda akatoa udongo wa kweli, akarashia maji, akasafisha nusu ya boneti moja na kuiacha nusu nyingine. Bwana Kilomita akaupitisha mkono kutoka nusu hadi nusu, kutoka nusu hadi nusu, na mdomo ukabaki wazi. Hakuwa anafikiria usafi. Alikuwa anawaona wateja wakipapasa rangi laini kama kioo na kuamini vilevile kila namba atakayowaonyesha kwenye dashibodi.

Akauliza udongo huo uko mwingi kiasi gani nchini. Kinanda akajibu kwa huzuni kuwa ni kreti moja tu, na kesho ana miadi na yule muuza magari wa ng'ambo ya barabara.

"Yule mwizi?" akasema Bwana Kilomita, kwa uchungu wa mtu mwema.

Akataka kulipa. Kinanda akakataa pesa, na hapo ndipo ufundi wake ulipo, maana mtu anayekataa pesa huaminiwa na watu ambao wao wenyewe hawajawahi kuzikataa. Akasema pesa ni makaratasi. Yeye shida yake ni usafiri wa kusambazia sampuli. Mzee akampa gari la bluu lisilojua kurudi nyuma. Kinanda akaliangalia kwa upole, akaanza kuinua kreti. Mzee akamshika mkono. Wakashuka, wakapanda, na mwishowe wakafika kwenye lile la kijani kana kwamba ni kwa bahati. Bwana Kilomita alikuna kidevu mara moja tu, akakubali. Wakaandikiana, kadi ya gari ikabadilisha mkono. Kinanda akampa sharti la mwisho: kreti isifunguliwe hadi kesho adhuhuri, udongo umechoka na safari.

Mwenye akili angetoka mjini dakika ileile. Lakini gari lisiloonwa na watu ni bati tu lenye magurudumu. Kinanda akapita barabara ya soko mara mbili, kiwiko dirishani, kisha akakata kona kwenda kwa Mama Povu, ili benchi limwone akishuka.

Benchi lilimwona. Fundi saa alisimama kabisa. Dalali akamwita bosi kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane. Kinanda akamtupia Mama Povu ufunguo, akaagiza aoshewe kila mahali, na ule udongo pia, asibane. Akaketi, akakunja nne, akaanza kuwasimulia mambo ya viwanda.

Mama Povu aliosha, akasuuza, akaanza udongo kwenye kioo cha mbele. Baada ya muda akaugeuza, akautazama. Akautazama tena. Kisha akamjia Kinanda akiwa ameushika kiganjani.

"Mwanangu, gari hili umelitoa wapi?"

"Kwa nini, mama?"

"Nauliza tu."

Udongo ulikuwa na vidoa vya kijani, vidogo kama majani ya chai. Mama Povu akasema kioo hakipakwi rangi, kwa hiyo hiki kijani kilipulizwa juu ya rangi nyingine, tena kwa haraka, watu hawakufunika hata vioo. Akafungua mlango, akatelezesha udongo kwenye pembe ya bawaba, ukungu wa kijani ukatoka. Chini yake palikuwa peupe.

"Watu hubadilisha rangi," akasema Kinanda.

"Hubadilisha," akakubali Mama Povu. "Wengine kwa kupenda."

Alirudi kwenye ndoo yake. Benchi likapokea. Kinyozi akakumbuka kuna gari liliibwa mwezi jana. Fundi saa akasema ndiyo, lilikuwa jeupe. Dalali, ambaye hakuwahi kuacha habari ipite bila kuitia chumvi, akasema ni la hakimu, na hakimu ameapa atakayekutwa nalo atamhukumu mwenyewe.

Kinanda akahisi suti imembana. Sasa aliona kila kitu. Aliona kidevu kikikunwa mara moja tu. Mbona mzee alikubali upesi hivyo? Angeuza roho yake kwa majadiliano marefu zaidi. Alikuwa anangoja mjinga wa kumbebesha mzigo wa moto, na mjinga akaja kwa miguu yake mwenyewe, na udongo wa watoto. Mtu mwenye dhamiri safi angeuliza swali moja au mawili. Kinanda hakuwa na hitaji hilo, kwani palipokosekana uthibitisho alijazia mambo ambayo yeye mwenyewe angeyafanya.

Kulirudisha haiwezekani; kesho kreti itafunguliwa. Kulipeleka barabara kuu ni kujipeleka kwenye kizuizi cha polisi. Kulitelekeza haifai, jina lake liko kwenye hati. Alihitaji jina la mtu mwingine, mtu asiyejua kitu, anayepatikana siku zote mahali pamoja. Akamwangalia Mama Povu, ameinama, anasugua tairi.

Wote waliokuwapo wanakubali kwamba Kinanda hajawahi kuimba vizuri kama siku ile. Alimwambia amekuwa mama kwake. Alisema kila chai aliyokunywa hapo ilikuwa deni moyoni, na leo Mungu amemfungulia, anataka kumzawadia gari. Mama Povu akacheka, akasema yeye na gari wapi na wapi. Kinanda akashikilia. Mama Povu akasema hapendi makuu, watu watamsema. Kinanda akatoa leso, akafuta jicho ambalo halikuwa na kitu. Kadiri alivyokataliwa ndivyo alivyoomba, mpaka ikawa kama yeye ndiye anayeombaomba na mwanamke yule ndiye tajiri.

"Basi niandikie," akasema Mama Povu hatimaye, akijipangusa mikono kwa aproni. "Kwamba umenipa kwa hiari yako. Hawa wawe mashahidi."

Aliandika mbio hata kalamu ikatoboa karatasi. Akasaini kadi, akasaini hati, angeulizwa angesaini na ndoo. Fundi saa akatia sahihi, kinyozi akatia dole. Kisha Kinanda akasema ana kikao, akaondoka kwa mwendo ambao haukuwa mbio kisheria, njia ya vichochoroni, hadi akautoka mji.

Kesho yake adhuhuri Bwana Kilomita alifungua kreti. Kile kipande cha juu kilimponyoka kikaanguka mchangani, naye, kwa kuwa ni mali adimu, akakiokota, akakisugulia gari lake bora kuliko yote mpaka likawa limechorwa miduara kama daftari la mtoto. Wafanyakazi wake walichukua vile vingine sitini, wakavikanda juu ya magari kumi na moja katika jua kali, na vikayeyuka na kugandia kama ubani uliotafunwa. Jioni magari yalikuwa yamepanga foleni kwa Mama Povu. Aliyatazama, akasema bei ya leo siyo ya jana.

Gari la kijani lilikuwa pembeni, vioo vyake safi. Halikuwahi kuibwa. Bwana Kilomita alilikwangua kwenye geti lake mwenyewe likiwa jeupe, akalipeleka kwa fundi wa kupuliza rangi wa bei nafuu. Fundi huyo ni mdogo wake Mama Povu, toka nitoke, na tangu ajifunze kazi hajawahi kufunika kioo. Anasema magazeti ni ya kusoma. Dada yake aliyatambua yale madoa kama unavyotambua mwandiko wa nduguyo. Ndiyo maana aliuliza tu. Na yule hakimu hana gari, anapanda pikipiki.

Kinanda hajui hata moja kati ya hayo. Yuko mji mwingine, suti ileile, viatu vimezidi kuisha, na kila akipata msikilizaji anamhadithia jinsi alivyonusa mtego, akaukwepa, akamwachia mama mmoja mjinga gari la wizi. Akikutana na msafiri aliyetoka kule, humvuta kando na kumuuliza kama yule mwosha magari ameshakamatwa. Akiambiwa bado, tena kila Jumapili yuko barabarani ndani ya gari la kijani na nduguze wamejaa nyuma, Kinanda hutikisa kichwa kwa masikitiko na kusema polisi wa siku hizi hawafanyi kazi.