Mizani, Keki na Farasi wa Shemeji

Jumamosi, 6 Januari

Msimu wa keki ya mfalme, inayoliwa hadi mkesha wa Kwaresima, umeanza leo, na leo hii hii shemeji kaniharibia. Dallas, kaka wa mke wangu Earline, ndiye kapteni wa msafara wetu wa farasi siku ya Mardi Gras, sikukuu ya kula na kunywa kabla ya Kwaresima. Katangaza mezani, tukila kamba, kwamba Babette amezeeka. Babette ni farasi wake jike, na ndiye ninayempanda mimi. Mwaka huu hatabeba mtu wa zaidi ya ratili mia mbili na thelathini. Anayezidi atapanda trela, pamoja na bia na walevi. Hakutaja jina. Aliliangalia tumbo langu tu, tena kwa huruma.

Trela! Nimekaa kwenye trela miaka ishirini, nikiwatazama wenzangu migongo. Kisha daktari akanikata tumbo likabaki dogo kama ndizi. Nikapungua mpaka majirani wakamletea Earline maua wakidhani nakaribia kufa. Nikampanda Babette Mardi Gras tatu mfululizo. Juu ya farasi yule naona mashamba yote kama alivyoyaona marehemu baba. Siku moja tu kwa mwaka, lakini ni siku yangu.

Tatizo: ratili zimerudi. Si zote. Nyingi. Zimekuja kimyakimya, kijiko cha aiskrimu hapa, biskuti pale, hadi suruali za mwaka juzi zikanikana.

Nimeapa mbele ya meza nzima kwamba sitagusa keki msimu huu. Dallas kapiga makofi. Earline kaniangalia kwa muda mrefu, kisha kaendelea kumenya kamba.

Ijumaa, 12 Januari

Kiapo nimekirudia dukani, kwa sauti, mbele ya bosi wangu Percy na wateja watatu. Tunauza chakula cha mifugo. Watu wa mifugo wanaheshimu msimamo.

Leo asubuhi nikafungua duka peke yangu. Keki juu ya kaunta. Zambarau, kijani, dhahabu. Percy aliinunua jana kwa Mama Ozite, mwokaji wetu. Nikakata kipembe tu, nijue kama Mama Ozite bado ana mkono wake. Anao! Lakini mkato ulikaa upande. Nikaunyoosha. Ukapinda upande wa pili. Nikaunyoosha tena, huko stoo, nimesimama katikati ya magunia.

Jino likagonga kitu. Mtoto!

Hakuna asiyejua sheria hapa. Mwokaji huficha mtoto mdogo wa plastiki ndani ya keki, na anayemkuta kwenye kipande chake ndiye anayenunua keki ya Ijumaa inayofuata. Nikimtoa, mji mzima unajua nimekula. Nikasikia gari la Percy. Nikamchomeka mtoto kwenye upenyo chini ya bamba la mizani kubwa, ile ya kupimia mahindi. Keki kupungua nikamsingizia mteja wa mapema mwenye njaa.

Watu wakaila keki yote na mtoto hakuonekana. Percy kasema ajabu. Mimi pia nikasema ajabu.

Jumatano, 17 Januari

Furaha! Nimejipima kwenye mizani ya dukani. Nimepungua ratili nne! Ndani ya wiki yenye keki!

Nimetafakari sana. Nadhani siri ni kula nimesimama. Chakula kinapita moja kwa moja, hakipati pa kukaa. Mwili unakihesabu kama mgeni aliyechungulia mlangoni akaondoka.

Ijumaa, 19 Januari

Kwa kuwa mtoto hakuonekana, Percy kalazimika kununua tena. Kanunua akinung'unika. Nimekula nimesimama, kisayansi kabisa.

Mtoto tena! Kaenda kumfuata mwenzake chini ya mizani.

Mchana watu wakaanza kumsema Mama Ozite. Mmoja kadai siku hizi anabania hata watoto wa plastiki. Mwingine kasema ni macho, uzee. Mama Ozite ana miaka sabini na mbili na hajawahi kusahau mtoto tangu alipoolewa. Nikajisikia vibaya sana. Nikamtetea kwa nguvu. Nikasema labda mtoto aliyeyuka kwenye oveni.

Kumbe nimechafua mambo zaidi. Sasa wanasema anachoma keki.

Alhamisi, 25 Januari

Earline kanipeleka kliniki. Nilikuwa nimeahirisha mara tatu, mara mbili kwa sababu ya mafua na mara moja kwa sababu ya mazishi ya mtu ambaye baadaye Earline alikutana naye benki.

Bi. Charlene, mtaalamu wa lishe, kanipokea kama mtoto aliyerudi kutoka bweni. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nilikuja na majibu kabisa. Hakunigombeza, nikakosa pa kuyatumia. Kasema wengi wanarudisha ratili baada ya upasuaji, wala si mimi peke yangu. Kasema vitu laini na vitamu vinateleza hata kwenye tumbo dogo. Kisha kanishika mkono.

“Ulysse, lile tumbo bado lipo na bado linafanya kazi,” kasema. “Hatuanzi upya. Tunarudi njiani tu.”

Kidogo nilie. Kanikumbusha mambo ya zamani: nyama, samaki au mayai kwanza. Nisinywe huku nakula. Nikae mezani, nitafune polepole. Nitembee kila siku.

Kisha kanipima. Mizani yao inasema sijapungua hata chembe, nimeongezeka! Nikamweleza kwa upole kwamba mizani yao mbovu. Maskini, wagonjwa wangapi wanaiamini ile. Kanitazama, kamtazama Earline. Earline katazama dari.

Lile la kukaa mezani nimeliacha. Kila mtaalamu ana kosa lake.

Ijumaa, 2 Februari

Watoto wanne sasa. Nimeshaacha kushangaa.

Biashara imechangamka mno. Wafugaji wanatoka hata vijiji vya mbali, wanasema mahindi ya Percy yanakaa zaidi ya mahindi ya wengine. Percy anafurahi lakini anakuna kichwa, maana ghala linaisha kabla ya wakati wake na fedha hazilingani nalo. Nikamshauri atege panya.

Dallas naye kaja kuchukua mahindi ya Babette. Kasema jike lake limenawiri mwaka huu, ngozi inang'aa, tumbo limejaa. Kanipiga bega kasema shemeji, na wewe naona unajitahidi. Kasema wapandaji wote watapimwa hapa dukani Ijumaa ijayo, hadharani, pasiwe na maneno.

Hapa! Kwenye mizani yangu! Nilikaribia kumbusu.

Ijumaa, 9 Februari

Niandike haraka kabla mkono haujakataa.

Duka limejaa. Earline yupo. Mama Ozite kaja mwenyewe na keki, kasema leo anataka kuiona ikikatwa mbele ya macho yake. Sikupata hata kipembe. Dallas kaniita. Nikavua viatu, nikavua mkanda, nikavua na saa. Nikapanda.

Mia mbili ishirini na tisa!

Shangwe. Percy kanikumbatia. Dallas machozi yakamlenga, kasema baba yangu angejivuna. Ningeweza kufa pale pale nikiwa mtu mwenye furaha.

Kisha Dallas, kwa furaha ile ile, akapanda na yeye. Akatazama namba. Akashuka, akapanda tena. Akasema juzi tu daktari wake kampima na hawezi kuwa amepoteza mguu mzima tangu Jumatano. Percy akapanda. Na yeye kawa mwembamba. Mama Ozite akapanda akiwa na keki mkononi, akawa na uzito aliokuwa nao siku ya harusi.

Nikaona kabisa mahindi yakipita kichwani mwa Percy, gunia baada ya gunia. Akaleta bisibisi. Nikapendekeza tuache, tule keki kwanza. Akafungua bamba.

Watoto wanne, wamejipanga, wamebanwa mgongo, mikono juu, wamelishikilia bamba lisishuke.

Mama Ozite akapiga magoti, akawaokota mmoja mmoja, akawafuta kwa aproni. Akasema wake hao, anawajua. Kisha watu wote wakageuka kunitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuvaa viatu.

Nikasema hata mimi nashangaa. Nikasema kila mara nilionja kipembe kimoja tu.

“Baba,” Earline akasema, bila kupandisha sauti, “mtu anayemkuta mtoto kila Ijumaa hajala kipembe. Amekula keki.”

Percy karudisha bamba, kanipandisha tena. Mia mbili sitini na nane. Dallas kavua kofia kama yuko msibani.

Jumamosi, 10 Februari

Hukumu za jana. Kwa Percy: kufagia ghala hadi Pasaka. Kwa Mama Ozite: kumwomba radhi kanisani kwa sauti, na kununua keki kwa kila mtoto niliyemficha. Kwa Dallas: trela.

Sikutoka kitandani asubuhi. Earline kaja na mayai mawili, kakaa pembeni. Nikamwambia aseme tu, anicheke. Nikamwambia najionea aibu, daktari kahangaika, yeye kahangaika, na mimi nimezirudisha ratili kwa kijiko. Nilisema kweli, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Hakucheka. “Siku ile ya upasuaji nilikaa kwenye benchi kutwa nzima,” kasema. “Sikuwa nasubiri mume mwembamba. Nilikuwa nasubiri mume. Wewe kula mayai yako.”

Nikayala. Polepole. La pili lilinishinda, likabaki nusu. Bi. Charlene alisema kweli, tumbo bado lipo. Nikamwambia Earline nampenda. Kasema anajua, nihamie upande wa pili abadilishe shuka.

Jumatatu, 12 Februari

Nimepeleka keki nne dukani. Mama Ozite kanitengenezea kwa mkono wake na kila moja kaiwekea mtoto mbele ya macho yangu, akinihesabia kwa sauti. Nimemwomba tena radhi. Kasema kanisamehe tangu pale aliposikia nimewakuta watoto wote wanne peke yangu, maana hakuna aliyewahi kuzisifu keki zake namna ile.

Sikuonja hata moja. Percy shahidi.

Jumanne, 13 Februari. Mardi Gras!

Alfajiri nimevaa kinyago na kofia yangu ndefu iliyochongoka, nikaenda kwa Dallas kupanda trela kama mfungwa. Nikamkuta kando ya zizi anatukana kwa lugha ya babu yake. Kamtandika Babette tandiko, na mkanda wa tumbo haufungiki. Kavuta, jirani naye kavuta. Wapi! Babette kasimama ametanuka kama pipa, anatafuna.

Dallas kakaa chini. Kasema wiki tano kampimia mahindi yale yale kwa uzito ule ule wa mizani ya Percy. Kisha kanigeukia polepole.

Nilitamani ardhi inimeze, lakini ningelikwama.

Nikasubiri matusi. Yakaja, marefu. Halafu mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikaona anacheka, anacheka mpaka kashika uzio. Kaniwekea hatamu mkononi. “Mmenenepa pamoja, shemeji,” kasema, “mtapungua pamoja. Hakuna trela. Tembeeni.”

Tukatembea! Kutwa nzima, mimi na Babette, mbele ya farasi wote, nyumba hadi nyumba, tukiomba vitu vya kupikia mchuzi wa gumbo. Huyu katoa vitunguu, yule mchele. Kwenye shamba la tatu wakamrusha kuku hai, desturi ya siku hiyo, na nikamkimbiza kwa miguu yangu mwenyewe, nikaangukia mtaroni, nikatoka na kuku na tope la miaka mingi. Watoto wa pale wakanishangilia. Babette kanisubiri. Farasi mwingine angeondoka zake.

Magoti yananiuma. Jioni Earline kanipakulia bakuli dogo, nyama kwanza. Nikakaa mezani, nikatafuna. Nikashiba nikiwa bado naongea. Mashamba yote niliyaona leo, tena kwa karibu kuliko baba. Nimekuwa na furaha sana leo.

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Mtu mpya! Majivu usoni, Kwaresima imeanza. Nimemtangazia padri kwamba naacha keki ya mfalme siku zote arobaini. Kasema msimu wake uliisha jana, Ulysse. Nikamwambia ndiyo maana nina uhakika wa kufaulu.

Bi. Charlene kapiga simu, Earline kamsimulia yote. Kacheka hadi kaomba radhi, kisha kasema kule kutembea ndiko kurudi njiani kwenyewe. Kuanzia leo tutamtembeza Babette kila jioni, mimi na Earline. Ameshaninunulia viatu. Nikajisikia kulia tena, nadhani ni umri.

Mchana Earline kaenda kwa dada yake. Nikafungua friza kutafuta samaki, maana leo nyama marufuku. Nyuma ya mifuko ya bamia kulikuwa na keki. Nakiri niliiweka mimi. Kwa Mama Ozite nilinunua tano, ile ya tano ya dharura.

Nikafikiri kwa makini. Keki haina nyama. Kanisa siku ya kufunga linaruhusu mlo mmoja kamili na miwili midogo, na huu ulikuwa mdogo, mwanzoni. Halafu mkato ulikaa upande.

Nilikula nimesimama.

Jino likagonga kitu. Huyu hatamsumbua mtu, hakuna Ijumaa nyingine ya keki hadi mwakani. Nimemlaza chini ya mizani ya bafuni, upande wa ukutani, Earline hafagii pale. Kesho asubuhi najipima. Nina matumaini makubwa.