Kuanguka kwa Boliti ya Nne

Nyamazeni, enyi wenye masikio, na ninyi wenye redio zizimeni. Wekeni chini vikombe vya kahawa, mvute viti karibu na jiko. Nitakayoyasimulia hayajapata kuandikwa katika taarifa yoyote ya manispaa wala hayataandikwa, kwa sababu wanaoziandika taarifa hizo hawajui hata spana inashikwa upande gani. Nitasimulia vita vya siku tatu. Nitazitaja silaha na waliozibeba, nami nitamtaja adui, aliyekuwa na urefu wa kidole cha kati na roho ngumu kuliko afisa wa pensheni.

Sababu ya vita ni hii. Mke wangu Lempi alifariki mwezi wa Machi, akazikwa katika makaburi ya juu, kileleni pa kilima cha Hallavaara, walikolala wazee wake wote. Na huku kwetu mkesha wa Krismasi kila mtu, hata mchoyo, hata mlevi, hupeleka mshumaa kwa mtu wake ukawaka juu ya theluji. Kaburi lililo gizani siku hiyo huonwa na kijiji kizima. Miaka arobaini sijakosa kumpelekea mama yangu mshumaa. Sembuse Lempi, tena mshumaa wake wa kwanza.

Lakini baraza letu tukufu, lenye hekima kama ndoo isiyo na kitako, liliketi mwezi wa Oktoba katika ukumbi wenye joto, likala keki, likaamua kwamba barabara ya makaburi ya juu haitaondolewa theluji tena, ili kubana matumizi. Barua ikaletwa nyumba kwa nyumba: "Wakazi wanahimizwa kuwakumbuka wapendwa wao wakiwa nyumbani." Mwezi uleule wakawaita wataalamu kutoka kusini waitungie manispaa kaulimbiu, nao wakatunga: Hallavaara Inapumua. Naam, inapumua! Waliolala kule juu ndio hawapumui tena, wala hawapigi kura, basi nani awaondolee theluji?

Theluji ilifika kiunoni, mpando wa kilomita mbili, na magoti yangu yalikwisha kazi zamani, katika misitu ya watu wengine. Nikakaa jikoni nikilitukana baraza kwa majina yao yote.

Hapo ndipo alipoinuka Ensio, jirani yangu, Ensio Mwenye Spana, Ensio Ndevu za Barafu, aliyekuwa dereva jeshini mwaka wa sabini na tisa na hajapitisha wiki bila kutukumbusha. Katika banda lake alikaa Jemedari: gari la jeshi la zamani alilolinunua mnadani, la kijani kama chura, lenye taa mbili za duara, magurudumu yote manne yakivuta, na ndani baridi kama nje.

"We Tauno, acha kulia lia," akaniambia. "Jemedari tutamfunga jembe la theluji puani, lile la trekta langu lililokufa. Tutapanda kilima mbele ya macho yao."

"Litaingiaje jembe la trekta kwenye gari la jeshi?"

"Kwa akili, mzee. Kitu usichokuwa nacho."

Basi tukaingia bandani siku mbili kabla ya mkesha, kukiwa na baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Bampa la mbele la Jemedari lilikuwa boriti ya chuma, na juu yake jeshi lilikuwa limefunga ndoano kubwa ya kuvutia, kwa boliti nne. Tuitoe ndoano, na katika matundu yake manne tulifunge jembe. Hivyo tu. Boliti ya kwanza ikatoka kwa heshima. Ya pili ikalia kidogo, ikatoka. Ya tatu ikaomba mafuta, ikapewa, ikatoka. Ya nne, enyi wasikilizaji, ya nne ilitutazama.

Tukaishambulia kwa spana, spana ikateleza ikanichuna vidole. Tukaimiminia mafuta ya kutu chupa nzima, ikanywa kama mjomba kwenye matanga. Tukaleta bomba la mita moja na nusu tulichomeke kwenye mkono wa spana, tukaning'inia wote wawili kama nguo kwenye kamba. Bomba likapinda, boliti ikakaa. Tukaijia na moto, lakini mtungi wa gesi uligoma kwa baridi. Mashine ya kukatia chuma Ensio alikuwa amemwazima mkwewe huko Oulu, na mkwe ni mtu wa kuazima tu, harudishi.

Ndipo Ensio akachomoa silaha yake kubwa, nayo ni mdomo. Alitukana kuanzia asubuhi hadi kahawa ya saa tisa, akaitukana boliti, na kiwanda kilichoizaa, na shetani aliyeikaza, na mama wa shetani. Ndege wakaondoka kwenye paa. Nami nilimjibu kama kwaya, nikichomeka majina ya wajumbe wa baraza kila penye nafasi. Siku ya pili vilevile. Boliti haikusogea hata unywele.

Ikawadia siku ya mkesha. Tulikuwa tukiipiga nyundo tangu alfajiri, redio ikiwa juu ya pipa, na saa sita kamili mchana sauti ikatoka mji wa Turku kama itokavyo kila mwaka, ikatangaza amani ya Krismasi: kila mtu atulie, asifanye ghasia, asije akaadhibiwa vikali. Ensio akaganda, nyundo ikiwa hewani.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Sasa nyundo imekufa. Hata baba yangu, mwizi wa kuni yule, hakupiga nyundo baada ya amani kutangazwa."

"Basi tumeshindwa. Giza litaingia saa tisa."

Ensio akaivua kofia, akajikuna, akanena kwa sauti ya jemedari mbele ya majeshi: "Ewe Tauno! Tuna moto mmoja tu usiojali baridi, nao uko nyuma ya nyumba yako. Mkesha ni siku ya sauna. Watu wote wa nchi hii sasa hivi wanawasha sauna. Twende tukaiogeshe boliti!"

"Sauna yangu haiwashwi," nikasema. "Unajua."

Alijua. Lempi ndiye aliyekuwa akiiwasha, kila Jumamosi, tukaoge mvuke wake, na tangu Machi sikuwa nimeufungua mlango ule. Ensio akailaza nyundo yake juu ya pipa.

"Haya, mzee," akasema, "basi mshumaa utauwasha jikoni, kama barua ilivyokuhimiza."

Nikaenda nikaleta kuni.

Tulilifungua bampa zima, tukalibeba kifuani kama jeneza, tukalilaza ncha moja juu ya mawe ya jiko la sauna na ncha ya pili ikitokeza mlangoni, na uwazi wote tukauziba kwa blanketi za jeshi. Na kwa kuwa hakuna mwana wa nchi yetu awezaye kuingia sauna amevaa nguo, hata vita viwe vimefika mlangoni, tulivua. Oneni basi mashujaa wawili wa miaka sitini na kitu, uchi kama samaki, vichwani kofia za sufu, mikononi glavu za ngozi, na spana imelazwa kwenye ubao kati yetu kama upanga.

Moto ulipokolea, Ensio akaishika spana, akavuta, haikwenda. Akafungua mdomo kutoa ile ya shetani na mamaye.

"Funga!" nikamwambia. "Soma juu ya mlango."

Juu ya mlango kulikuwa na kibao alichokiandika Lempi kwa mkono wake: MDOMO MCHAFU UBAKI NJE NA VIATU. Miaka thelathini na minne hakuna aliyetukana humo. Hata baba mkwe, aliyewahi kumtukana askofu, humo alisema "tafadhali".

"Sasa nitasemaje?" Ensio akaninong'oneza. "Mimi lugha nyingine sina."

"Iombe."

Jasho likamtiririka puani. Kisha, kwa sauti sijapata kuisikia kwake, akahutubia: "Mheshimiwa boliti. Umetumikia jeshi miaka mingi bila likizo, bila kupandishwa cheo, na hakuna mkubwa aliyekuja kukushukuru. Tunakuelewa. Na sisi ni hivyohivyo. Tunakuomba upumzike. Kuna mama huko juu anangoja."

Nikachota maji kwa kata, nikayamwaga juu ya kichwa cha boliti taratibu, kama Lempi alivyokuwa akiyamwaga juu ya mawe. Mvuke ukapaa, ukatupiga masikio, hatukuonana. Na ndani ya mvuke ule nikasikia kitu kidogo: *ti*.

"Tauno," Ensio akasema, "imegeuka."

Ikageuka robo, ikageuka nusu, ikatoka ikiwa nyekundu ya kutu na ndefu kama kidole cha kati, ikaanguka sakafuni. Saa nane na dakika kumi. Sisi wazee wawili tulikumbatiana pale, jambo ambalo hatujalifanya kabla wala hatutalirudia.

Bampa likarudishwa, jembe likafungwa. Saa tisa Jemedari alifika chini ya kilima akinguruma, na pale, kando ya gari lake la umeme lililokwama, alisimama Bwana Haukkala, mwenyekiti wa baraza, viatu vya mjini miguuni na mfuko wa mishumaa mkononi. Mama yake naye amelala juu.

Akalitazama jembe. "Mna kibali cha kulibadilisha gari hivi?"

"Hatuna," akasema Ensio.

"Tena amani ya Krismasi imetangazwa. Kelele zote hizi!"

"Mwenyekiti," nikamwambia, "rudi nyumbani ukamkumbuke mama ukiwa huko. Tunakuhimiza."

Jemedari akazamisha jembe, theluji ikagawanyika kulia na kushoto, tukapanda. Kioo cha nyuma kilinionyesha mwenyekiti akitufuata kwa miguu katika njia yetu, na nyuma yake kijiji, mmoja mmoja, kila mtu na mshumaa wake.

Nilifukua theluji, nikauwasha wa Lempi. Ensio akaitoa boliti mfukoni, akailaza kando ya mwanga, akavua kofia.

"Bi Lempi," akasema, "hatukutukana. Yaani, humo ndani hatukutukana."

Basi na iandikwe, kwa kuwa wao hawataiandika: katika msimu wa kwanza wa Barabara Isiyolimwa Theluji, wanaume wawili walioshindwa kwa nyundo na kwa matusi waliishinda boliti ya nne kwa adabu, na kilima cha Hallavaara kikawaka chote. Manispaa ina kaulimbiu yake. Na Jumamosi iliyofuata, nayo iandikwe, niliwasha sauna.