Gari Lililotembezwa Kama Ng'ombe

Cleopas aliinusa harusi kabla hajaalikwa. Ibada ya kanisa la Newburg, Louisville, ilikuwa imekwisha, watu wanasalimiana nje, ndipo akamsikia mzee mmoja mgeni kutoka Buffalo akisema anamwoza binti yake Jumamosi, na kwamba mkwe wake anaota gari moja tu duniani: Mustang ya mwaka sitini na tisa, ile inayonguruma mpaka vioo vya jirani vinatetemeka.

Msomaji asiwe mwepesi wa kuhukumu. Cleopas alikuwa na Mustang hiyo hiyo nyumbani kwake Shively, chini ya turubai. Aliuza gari lake zima ili ainunue, akaziba matundu ya kutu kwa puti, akaipaka rangi nyekundu ya kutia mate mdomoni. Isingenunuliwa, angekuwa Mkenya mwenye digrii anayekwenda ghalani kazini kwa miguu. Mtu wa namna hiyo akikutanishwa na mnunuzi mlangoni mwa kanisa, atasemaje kama si amina?

Jumatatu yule mzee wa Buffalo, Semahoro, alisimama mbele ya gari, kofia kichwani, fimbo mkononi.

"Mzee wangu, hii gari imetengenezwa upya yote, mpaka skrubu," alisema Cleopas. "Ilikuwa ya daktari. Alikuwa anaiendesha Pasaka pekee."

"Na Noeli?"

"Noeli alikuwa anaiangalia tu."

Semahoro aliizunguka polepole. Akagonga mlango kwa kidole, akasikiliza.

"Bon. Dola elfu kumi na mbili, unasema?"

"Kwa sababu ni wewe, mzee."

"Nimekubali. Lakini, mutoto yangu, kwetu Kongo, milimani, ngombe hatumulipiaka kwa ule anauzisha. Mwenyewe anamuleta na miguu. Akifika kwangu, akunywe maji, alale usiku moja, njo ninalipa."

"Mzee, hii ni gari."

"Donc itafika mbio."

Kutoka Louisville hadi Buffalo ni maili zaidi ya mia tano, na Mustang ile ilikuwa imeandaliwa kuzunguka mtaa mara moja, tena kwa hisani. Lakini elfu kumi na mbili ni elfu kumi na mbili. Kesho yake wakaondoka, mzee amekaa mbele, akiombea safari kwa sala fupi iliyokwisha mji ukiwa umeshapotea nyuma yao.

Njiani kipande cha puti kilidondoka. Redieta ikachemka mara mbili. Walipoukaribia mji wa Columbus, gia ya tatu ikajiuzulu.

"Amechoka," alisema Semahoro kwa huruma. "Hapa niko na kijana moja, Ganza. Anajua magari."

Ganza alifungua boneti, akaitazama injini kama mtu anayemtazama mchumba. "Redieta, gia, breki. Chini kote kumeoza, tutachomelea. Elfu tisa."

"Tisa?"

"Na matairi. Kumi na moja."

Cleopas alifumba macho. Akikataa, atabaki Columbus na chuma chekundu. Akikubali, elfu moja itasalia. "Sina pesa mkononi, ndugu."

"Utanilipia Buffalo. Na mimi ninaenda kule, niko na harusi."

Siku tatu Cleopas alimshikia taa na kumpa spana. Ijumaa asubuhi injini ilipowashwa, alisogeza sikio karibu na boneti. Ngurumo ile alikuwa ameisifu wiki nzima, hakuwahi kuisikia.

Jioni waliegesha West Side ya Buffalo, mbele ya nyumba ya mbao ya Semahoro. Mzee alimimina maji kwenye redieta. "Amekunywa," akasema, akaenda kulala.

Asubuhi Ganza alitokea amevaa suti nyeupe, ua kifuani. Cleopas alilinyooshea lile ua kidole.

"Bwana harusi ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

Semahoro alihesabu elfu kumi na moja mkononi mwa mkwewe. Elfu moja akaitia katika bahasha, akampa Cleopas kwa mikono miwili.

"Mzee, ulijua tangu Shively?"

"Ngombe mugonjwa tunamujuaka akingali kwa zizi. Lakini wewe uliniambia bei ya ngombe muzima. Bon, ukamuponya."

Cleopas aliitia bahasha mfukoni mwa koti.

Ukumbini mshereheshaji alishika kipaza sauti. "Gari la maharusi limetengenezwa kwa gharama ya ndugu yetu Cleopas, aliyelileta mwenyewe kutoka Louisville!"

Vigelegele vikapaa. Kostansia, mama wa bibi harusi, akamkumbatia huku akilia. "Mungu akuongezee, mwanangu."

Cleopas akasimama, akafunga kifungo cha koti, akainama. Alikuwa hajawahi kupigiwa makofi kwa jambo la kweli, na aliinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kapu la zawadi likapita mbele yake. Mkono, bila kumwomba ruhusa, ukaitumbukiza humo ile bahasha ya elfu moja.

Makofi yakazidi. Alipoketi, ndipo alipokumbuka nauli ya basi la kurudi Louisville.